Tuliishukuru mashine, waliotufikisha pale wakiwa jikoni

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nimeona humu watu wanabishana namna ya kusherehekea mafanikio kazini. Huyu anasema bosi atoe bonasi, yule anasema keki na picha ya pamoja inatosha. Nikakumbuka yangu. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, na kosa kubwa humo ndani ni langu, kwa hiyo sina sababu ya kupamba. Atakayeona nimejipendelea mahali anisute.

Nitakwenda taratibu, nina chai ya kutosha.

Mimi ni mtu wa Isansa, Mbozi. Enzi za kisa hiki tulikuwa bado chini ya mkoa wa Mbeya, na mwenye simu ya tochi alikuwa mtu wa maana.

Kikundi chetu cha wakulima wa kahawa kilikuwa na CPU. Vijana wa kompyuta tulieni, siongelei hiyo yenu. CPU kwetu ni kituo cha kumenya kahawa kwa pamoja. Mkulima analeta kahawa mbivu, inapokelewa mezani, inamenywa na mashine, inavundikwa kwenye matangi, inaoshwa, halafu inaanikwa kwenye vichanja mpaka ikauke.

Zamani kila mtu alimenya kwake kwa kamashine ka mkono na kuanika kwenye turubai, kila nyumba na ladha yake. Baada ya soko kufunguliwa, vikundi vikaruhusiwa kupeleka kahawa yao wenyewe, na hapo ndipo ubora ukaanza kuwa habari ya mjini.

Mimi nilikuwa katibu. Nilikuwa na kama miaka ishirini na tisa, nimemaliza form four, najua kuandika barua na najua kuwasha mashine. Hayo mawili yalinifanya nijione injinia na waziri kwa wakati mmoja.

Meza ya mapokezi na vichanja vilikuwa mikononi mwa akina mama tisa. Kiongozi wao, ambaye hakuna aliyemchagua, alikuwa Mama Tumaini. Mama wa makamo, mpole, mwanakwaya, akisema neno moja wenzake wanane wanaelewa mengine kumi. Mumewe, Baba Tumaini, naye alikuwa mkulima mwenzetu kwenye kikundi.

Msimu wetu wa kwanza na hiyo mashine, kahawa yetu ikapata daraja la juu kabisa. Wakuu, la juu kabisa. Sisi ambao miaka yote kahawa yetu ilichanganywa na za wengine ikapotea jina.

Halafu ikaja barua. Mnunuzi mmoja alikuwa ameionja, na anataka msimu unaofuata achukue yote moja kwa moja kwetu. Sharti lilikuwa moja tu, iwe ileile. Ikiwa ileile, atakuwa mteja wetu wa miaka. Ikiwa tofauti, asante na kwaheri.

Barua hiyo niliisoma mara nne mbele ya kamati. Mwenyekiti wetu, mzee mstaarabu ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha meno ovyo, siku hiyo alicheka mpaka akavua kofia.

Tukasema lazima tusherehekee.

Tukachinja ng'ombe. Tukaalika wageni kutoka wilayani, kwaya ikaja, soda na togwa vikawa vya kumwaga. Tukachapisha fulana zenye jina la kikundi, zikavaliwa na kamati na wageni. Mimi nikafunga kitambaa chekundu kwenye mashine, kama bibi harusi.

Halafu nikasoma spichi.

Nilikuwa nimeiandika siku tatu. Nikaishukuru serikali, nikamshukuru bwana shamba, nikamshukuru mwenyekiti kwa uongozi wake wenye maono, nikaishukuru kamati ambayo mimi mwenyewe nimo. Mwisho nikageuka, nikainyooshea mkono mashine, nikasema kwa sauti ya redioni kwamba mashine hii ndiyo iliyotufikisha hapa.

Watu wakapiga makofi.

Wakati huohuo Mama Tumaini alikuwa anapita pembeni na beseni la nyama. Wale akina mama tisa walikuwa jikoni tangu alfajiri. Ndio waliopika, ndio waliopakua, ndio waliowanawisha wageni. Nakumbuka alisimama kidogo nilipofika kwenye sentensi ya mashine, akanitazama, akaendelea na safari yake. Pengine angepiga makofi na yeye, ila mikono ilikuwa imeshika beseni.

Sikuona tatizo. Hakuna aliyeona tatizo. Ndivyo sherehe zetu zilivyokuwa siku zote.

Msimu wa pili ukaanza.

Hapa naomba mnielewe vizuri. Hakukuwa na mgomo. Hakuna aliyenuna. Akina mama walifika kwa wakati, wakafanya kazi, wakaondoka kwa wakati. Wakisalimiwa wanaitikia, wakitaniwa wanacheka.

Tena foleni ya mapokezi ikawa inakwenda haraka kuliko mwaka uliopita. Msimu wa kwanza wakulima walikuwa wanasota pale mezani mpaka wanalalamika. Msimu wa pili unafika, unamwaga, unaandikiwa, unaondoka. Nilifurahi sana, na kwenye taarifa yangu nikaandika kwamba ufanisi umeongezeka.

Naisoma sentensi ile leo natamani kujificha.

Katikati ya msimu tukapeleka sampuli kwa mnunuzi. Majibu yakarudi kwa barua fupi. Kahawa ina ladha ya ubichi na uchachu, haifanani na ya mwaka jana. Akaongeza kwamba mtaalamu wake wa kuonja atakuja kabla msimu haujaisha, ajionee, kisha waamue kama wanaendelea na sisi au wanatafuta kikundi kingine.

Mwenyekiti alikunja ile barua akaiweka mfukoni, akaniambia, "Katibu, tafuta tatizo."

Sasa tazameni akili ya binadamu. Kwa kuwa mashine ndiyo niliyoipa sifa, mashine ndiyo niliyoishuku.

Nikaifungua. Nikaisafisha. Nikakaza nati ambazo hazikuwa zimelegea. Mwisho nikajiridhisha kwamba mpira wake umechoka, nikaubeba kwenye kiroba, nikapanda gari mpaka Tunduma, nikavuka upande wa Nakonde kwa jamaa mmoja Mzambia aliyekuwa anauza vipuri.

"Mulishani mukwai," nikajikakamua kumsalimia kwa Kibemba. Akaupokea mpira, akaugeuza, akaunusa, akauvuta kwa mikono miwili.

"Tapali ubwafya," akasema, akanirudishia. Yaani hauna tatizo. Akakataa kabisa kuniuzia mwingine. Mfanyabiashara wa mpakani anakataa hela yako, hapo ujue kweli umepotea.

Nikarudi na kiroba changu. Kamati ikakaa, mjumbe mmoja akasema akina mama wanataka posho ya siku iongezwe. Tukaiongeza. Wakashukuru vizuri tu. Kahawa ikabaki vilevile.

Ndipo nikaamua kwenda kwa Mama Tumaini nyumbani. Si kwa sababu nilikuwa nimeng'amua chochote. Nilikuwa nimeishiwa pa kwenda.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilimkuta uani anachambua maharage. Nikamwamkia, akanipa kigoda na ungo wa pili, maana kwake hukai bure. Tukachambua kidogo, halafu nikamuuliza moja kwa moja, mwaka huu tunakosea wapi.

Akasema bila hata kuinua macho, "Katibu, mwaka jana mlishukuru mashine. Si bado ipo? Iulizeni."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea.

Nikaongeza maharage kwenye ungo wangu. Baadaye nikamwomba tu anisimulie, mwaka jana walifanya nini.

Akanisimulia. Mwanzoni mwa msimu wa kwanza bwana shamba alikuja kutufundisha, akasema kahawa mbichi kidogo tu ikiingia kwenye tangi inaharibu ladha ya tangi zima. Wanaume tuliitikia kwa vichwa, tukasahau kabla hajawasha pikipiki. Akina mama hawakusahau. Walikutana wote tisa mtoni wakifua, wakakubaliana kwamba kahawa mbichi haitavuka meza yao. Na wataanza na za majumbani mwao, ili mtu asiseme wanapendelea.

Siku ya pili ya mapokezi Baba Tumaini akaleta madebe mawili. Nusu mbivu, nusu mbichi. Mama Tumaini akayamwaga kwenye gunia mbele ya watu wote na kumwambia mumewe arudi akachague.

Mzee aliondoka na madebe yake. Alikula kwa dada yake wiki nzima.

Mwingine kati ya wale tisa alisemwa na shemeji zake msibani, mbele ya ukoo. Mwingine alirudisha kahawa ya mama mkwe wake, wakuu, mama mkwe. Kahawa ya mwenyekiti ilirudishwa mara mbili, na yeye hakujua kwa sababu alikuwa anatuma vibarua.

Tena si hilo tu. Kila mchana jua likiwa kali walikuwa wanaacha chakula chao kwenda kufunika kahawa vichanjani isipasuke ganda. Hakuna aliyewatuma. Kumbe zile foleni nilizokuwa nazilaani, ndizo zilizokuwa daraja la juu lenyewe.

"Tulijua tutasemwa majumbani," akasema. "Tukasema haya, ikifaulu watajua ni kwa nini. Ikafaulu, mkajua ni mashine. Sasa nigombane na mume wangu kwa ajili ya nini? Mwaka huu tunapokea tu."

Wakuu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Siyo aibu ya kukosea hesabu au kujikwaa mbele za watu. Ni aibu ya kutambua kwamba mtu alivumilia kununiwa nyumbani kwake kwa ajili ya kazi yako, na wewe ukafunga kitambaa kwenye chuma.

Nikamwomba radhi palepale. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, alisema amesikia, na akaniambia nimalize ungo.

Kesho yake nikaieleza kamati yote hayo. Mjumbe mmoja akasema wanawake wanakuza mambo. Mwenyekiti akamkatisha kwa mkono, akaniuliza, "Zangu alizirudisha?"

Nikasema mara mbili.

"Na mke wangu alijua?"

Nikasema mke wako ni mmoja wa wale tisa.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza akasema tutafanya sherehe ile upya, na safari hii hakuna mwanamke atakayegusa mwiko.

Hapo kamati ilishtuka kuliko ilivyoshtushwa na barua ya mnunuzi.

Ikapangwa Jumamosi, hapohapo kituoni. Hakuna mgeni, hakuna fulana, mbuzi wawili tu. Akina mama wakaitwa waje wakae. Na wanaume wote wa kikundi tukaingia jikoni.

Mwenyekiti akashika ugali. Ikagundulika ujanani aliishi Zambia kapera miaka mingi, na ugali wake ulikuwa laini kuliko wa mtu yeyote pale, siri aliyoitunza nyumbani kwake miaka yote hiyo. Mkewe alimtazama kwa jicho ambalo sitalielezea. Mimi nilipewa wali, nikauunguza. Waliokula waliula hivyohivyo, na hilo nalo nawashukuru.

Akina mama kukaa iliwashinda mwanzoni. Mmoja aliinuka mara mbili kwenda kutazama moto, akarudishwa.

Chakula kilipokuwa tayari ukafika wakati wa kunawa. Mnajua kwetu nani anamnawisha nani. Baba Tumaini akachukua jagi na beseni, akaenda moja kwa moja kwa mkewe, akainama na kummiminia maji mikononi.

Akasema, "Siku ile ulikuwa sahihi. Zilikuwa mbichi."

Mama Tumaini akanawa taratibu, akajibu, "Nusu tu ndiyo zilikuwa mbichi."

Watu waliangua kicheko, na mimi nikajifanya moshi umeniingia machoni. Mzee yule akaendelea na jagi lake mpaka kwa mama wa tisa.

Baada ya kula mwenyekiti akasema leo katibu hana spichi, leo katibu ana kalamu. Mama mmoja mmoja akasimama akaeleza alichokuwa anafanya msimu wa kwanza, mimi nikaandika kwenye kaunta buku. Yule anajua kahawa mbichi kwa kuibonyeza, yule kwa uzito wake kwenye ungo. Mwingine alikuwa anaingiza mkono kwenye tangi kila asubuhi ili asikie kama utelezi wa punje umeisha, kwa sababu siku za baridi ya Juni kahawa inachelewa kuvunda, na mimi nilikuwa naifungulia tangi ikaoshwe kwa kutazama saa. Kurasa kumi na moja, wakuu. Mimi injinia sikujua hata ukurasa mmoja.

Tukayafanya yale maandishi kuwa utaratibu wa kituo. Meza ikisema hapana, ni hapana, hata kwa mwenyekiti. Mama Tumaini na wenzake wawili wakaingia kwenye kamati.

Jumatatu meza ikafunguliwa. Mkulima wa kwanza kurudishiwa kahawa unadhani alikuwa nani? Mimi. Nilibeba debe langu kurudi nyumbani huku watu wakinizomea, na sijawahi kufurahia kuzomewa kama siku ile.

Kahawa ya nusu ya kwanza ya msimu hatukuweza kuiokoa, tuliiuza kama kahawa ya kawaida. Hilo liliuma na sitalificha.

Wiki za mwisho mtaalamu wa kuonja akafika. Kijana nadhifu, ana daftari, hana maneno mengi. Akazunguka matangi, akatazama mashine, akauliza nani anasimamia ubora hapa.

Mimi na mwenyekiti, wote wawili tulizoea kusogea mbele swali kama hilo likiulizwa. Siku ile tuligeuka pamoja tukatazama vichanjani. Ilikuwa mchana, jua limekaza, Mama Tumaini na wenzake walikuwa wanafunika kahawa.

Nikaenda kumwita. Akasema mgeni asubiri, wamalize kwanza. Mgeni akasubiri, amesimama juani na daftari lake.

Alipokuja, yule mtaalamu akachota kahawa kiganjani kwa ajili ya sampuli. Mama Tumaini akaushika mkono wake kama mtu anayekagua kucha za mtoto, akachagua punje mbili, akazitupa chini. "Sasa chukua," akamwambia.

Yule kijana akazitazama zile punje mbili pale chini kwa muda. Halafu akafunga daftari bila kuuliza swali lingine.

Mnunuzi alichukua yote ya nusu ile ya pili, na akabaki mteja wetu misimu mingi iliyofuata.

Nilichojifunza hakihitaji semina. Mafanikio ya timu yanajengwa kwa vitu ambavyo watu walivifanya bila kutumwa, na mtu hufanya bila kutumwa kwa sababu anaamini ataonekana. Ukisherehekea bila kumuona, hatakufanyia fujo. Atafanya kazi yake aliyoajiriwa basi, na wewe utaandika ufanisi umeongezeka.

Nawashukuru akina mama wale tisa walionifundisha nikiwa bado kijana, na kwa upole kuliko nilivyostahili. Namshukuru na Baba Tumaini, kwa sababu ile sentensi yake fupi ilikuwa spichi bora kuliko yangu ya siku tatu.

Sasa nanyi mliopo maofisini, viwandani, mahospitalini, nawaachieni swali. Siku ya kusherehekea, kazini kwenu nani anakosa picha ya pamoja kwa sababu yuko jikoni? Niambieni hapo chini, na kama ni wewe mwenyewe, anza na jina lako.